Viti vya Profesa

Ridhwani alikwenda hospitali kung'oa jino, akatoka na udaktari. Jino lenyewe alilisahau mdomoni.

Hayo yalitokea Mombasa, kwenye benchi la hospitali moja kubwa, shavu lake la kushoto limevimba na foleni haisogei. Karibu naye muuguzi mmoja, Sista Safaa, alikuwa akimlalamikia mwenzake. Sista huyu alikuwa wa kitengo cha utafiti wa maradhi ya kizazi. Walikuwa wakiwatafuta wanawake ambao hedhi huwalaza kitandani kila mwezi, wenye uvimbe tumboni, wanaozimia kwa maumivu kisha wakaambiwa wanadeka.

"Vipimo bure, nauli utafiti ndio unaolipa," alisema Sista Safaa. "Na kutoka Lamu mwaka mzima hajafika hata mmoja. Wenyewe wanapiga simu, wanalia wanataka kuja. Baba zao na waume zao ndio hawataki kusikia."

Mtu mwenye huruma angesikitika. Ridhwani alitabasamu kwa shavu lile lililokuwa zima, kwa sababu alikumbuka viti.

Huko Shela, kisiwani Lamu, kulikuwa na Mzungu mwenye hoteli aliyekuwa akitafuta viti viwili vya enzi vinavyofanana. Ni vile viti vikubwa vya mpingo vilivyonakshiwa kwa vipande vya mfupa, ambavyo watu wa zamani wa Amu, yaani mji wa Lamu, walimkalishia mgeni wa heshima. Ridhwani alijua pacha hao waliko: mtaa wa Mkomani, kimoja nyumba hii, cha pili nyumba ya pili. Alichokosa ni sababu ya kuvitoa. Sasa sababu ilikuwa imesimama mbele yake, imevaa sare ya uuguzi na haijui.

Jina lake lilipoitwa kwa daktari wa meno, nafasi yake kwenye benchi ilikuwa tupu. Koti jeupe alilinunua kwa muuza nyama aliyekuwa akifunga bucha, na baada ya kufuliwa mara mbili halikusema tena lilikotoka.

Nyumba zile mbili za Mkomani zilijengwa na mzee mmoja kwa ajili ya binti zake wawili, kama ilivyo desturi ya watu wa pale. Binti haendi kwa mume. Mume ndiye anayehamia na mkoba wake. Nyumba ni ya mke, vyombo ni vya mke, na bwana ni mgeni wa kudumu, jambo ambalo mabwana husahau baada ya wali wa wiki ya kwanza. Bi Mwanamkisi aliolewa na Bwana Abubakr, muuza saruji na misumari. Dada yake mkubwa, Bi Mwanatumu, aliolewa na Bwana Madi, ambaye ana duka la milango ya nakshi inayochongwa na watu wengine. Mabwana hawa walikuwa hawasemezani kwa ajili ya mfereji wa maji ya mvua uliomwagia upande usio wake. Kila mmoja alikaa kwenye daka lake, yaani ukumbi ule wa nje wenye mabaraza ya mawe pande mbili za mlango, akiangalia ujia mwembamba uliopita kati ya nyumba hizo kana kwamba mwenzake hakuzaliwa.

Kwa tapeli, majirani wasiosemezana ni neema. Ridhwani alianza asubuhi kwa Bwana Abubakr.

"Mimi ni Dokta Ridhwani. Nimetumwa na Profesa."

"Profesa nani?"

"Profesa mwenyewe."

Jibu hilo lilimtosha Bwana Abubakr. Ridhwani akaketi, akashusha sauti. "Tuna utafiti wa mambo ya kina mama. Yale ya kila mwezi."

Bwana Abubakr akatazama viatu vyake. "Astaghfirullahi. Hayo hayatuhusu wanaume."

"Ndiyo maana yanalipa vizuri."

Bwana Abubakr akaacha kutazama viatu. "Utafiti ndiyo nini hasa?"

"Ni kuuliza maswali kwa gharama za mtu mwingine. Sasa Profesa anatafuta nyumba ya kukodi hapa Mkomani, miaka mitano mfululizo, kodi yatoka ng'ambo. Nimeziona nyumba nyingi, Bwana. Hii yako ina heshima yake."

Nyumba haikuwa yake, lakini si adabu kumkatiza mtu anayekusifu. Ridhwani akaendelea kwa upole. Profesa alikuwa mpenzi wa vitu vya kale. Si hongo, hongo ni haramu. Ni hadiya tu, kiti kimoja cha kale, ili Profesa akikikalia aikumbuke nyumba kilikotoka. "Na usimwambie mtu," alimaliza. "Hasa yule wa ng'ambo ya ujia."

"Yule? Sisemi naye hata salamu."

Baada ya sala ya alasiri Ridhwani alivuka ujia, akaketi kwenye daka la Bwana Madi, akayasema yale yale, pamoja na heshima ya nyumba na kiti na usimwambie mtu. Alitoka pale akijipongeza. Lakini alikuwa amefanya kosa moja, kosa la mtu asiyezaliwa Mkomani: hakuinua kichwa.

Juu ya ujia ule, kutoka ghorofa ya nyumba moja hadi ghorofa ya nyumba ya pili, mzee mjenzi alikuwa ametupa boriti akajenga chumba. Watu wa Amu hukiita wikio. Alikijenga ili binti zake watembeleane bila kushuka njiani wala kuvaa buibui, na mabwana wakagombana huko chini watakavyo. Dirisha la wikio lina kimia cha mbao kinachopitisha upepo, na sauti pia. Na humo ndani, kwenye mkeka, alikuwa amejikunja binti wa Bwana Abubakr, Raihana, chupa ya maji moto tumboni, akisubiri siku zake mbaya zipite. Asubuhi aliyasikia yote. Alasiri aliyasikia tena, neno kwa neno.

Raihana alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na minane kati ya hiyo alikuwa akiumwa hivi. Amekwisha kuombewa, kufukizwa na kuambiwa avumilie. Sasa baba yake aliamini kwamba akiolewa akazaa yatapoa, na harusi ilikuwa imepangwa baada ya Maulidi, bwana harusi akiwa ndiyo dozi. Raihana hakuwa na ubaya na bwana harusi. Alichotaka ni kujua kwanza kilichomo tumboni mwake, na kila alipotaja Mombasa baba yake alisema binti wa nyumba hii haendi kuchunguliwa.

Jioni ile alikuwa wikioni na mama yake na khala yake, Bi Mwanatumu.

"Yule ni mwongo," alisema.

"Wayuaye?" akauliza Bi Mwanamkisi.

"Kwa sababu huo utafiti upo kweli, mama, na mimi nishaandikishwa. Kuna Sista Safaa, naongea naye kila wiki. Hawatafuti nyumba. Hawachukui hadiya kwa mtu. Na mkubwa wao si Profesa, ni daktari wa kike. Huyu jamaa hata jina la kitengo hakulitaja."

Bi Mwanatumu, ambaye uvimbe ulimkuza tumbo mpaka watu wakampongeza mara mbili, alishika kiuno. "Basi tuwambie kina Madi wamfukuze! Viti vya babangu hivi? Vya babangu!"

"Tusimfukuze, Mama Mkubwa. Huyu ni mwanamume wa kwanza kutaja ugonjwa wangu mbele ya baba na baba asiinuke akaondoka. Mimi nimesema miaka minane sikusikizwa. Amwambie yeye."

Bi Mwanamkisi alimtazama binti yake, akamtazama na dada yake, kisha akacheka mpaka akajifuta macho kwa leso. "Mwizi akitaka kukubebea mzigo, mwate abebe," alisema.

Kesho yake Ridhwani alipofika dakani alikuta tatizo. Kutoka nyuma ya mlango sauti ya Bi Mwanamkisi ilisikika mpaka sokoni. "Kiti kile ni cha babangu! Madhali nimo nyumbani humu, hakitoki!" Na kutoka ng'ambo ya ujia dada yake akaitikia kama aliyepewa zamu. "Wala changu!"

Mabwana wawili walinyong'onyea, kila mmoja dakani kwake, na kila mmoja akajua kwamba mwenzake naye ameahidiwa. Ridhwani alihisi jino likipiga. Ndipo nyuma ya mlango mtu akakohoa taratibu, na sauti ya msichana ikasema, "Mama, nyamaza. Au wataka watupeleke Mombasa kupimwa, nyumba ibaki bila mtu?"

Wazo lilimwingia Ridhwani kichwani kwa kasi, naye akaamini limezaliwa humo humo.

"Bwana Abubakr!" alisema akisimama. "Nilisahau sharti la kwanza. Profesa hakodi nyumba isiyo na wagonjwa. Wanawake wa nyumba lazima wapimwe Mombasa kwanza."

"Mwanangu? Achunguliwe?"

Na hapo, wasomaji, Ridhwani alifanya kazi ambayo Sista Safaa hakuweza kuifanya mwaka mzima. Alisema kwamba maumivu ya kumzimisha mtu si deko. Alisema mtu akivunjika mguu haambiwi aolewe. Alisema anayechungulia huko ni daktari wa kike, kwa stara, na kwamba hata dini imetuamrisha kujitibu. Hakuamini hata neno moja, lakini yote yalikuwa kweli, na kweli hiyo aliisema vizuri mno kwa sababu alikuwa na mazoea ya kusema uongo. Nyuma ya mlango Raihana aliegemea ukuta, machozi yakimtoka. Hakuna aliyewahi kumtetea hivyo, na aliyemtetea alikuwa mwizi.

"Tena fanya haraka," Ridhwani alimnong'oneza Bwana Abubakr. "Kuna mwenzako tayari anapeleka wagonjwa wawili."

Huo ndio msumari uliogonga ubao. Kufika adhuhuri ujia wa Mkomani ulishuhudia jambo ambalo haukupata kulishuhudia. Wanaume wawili wazima, ambao neno hedhi hawakulitamka tangu madrasa, walikaa kila mmoja kwenye daka lake wakijisifia maradhi. Walikuwa bado hawasemezani; kila mmoja alimsemesha Ridhwani, kwa sauti ya kumfikia mwenzake.

"Dokta, binti yangu alizimia Idi iliyopita!"

"Dokta, mke wangu alizimia Idi zote mbili!"

"Niandikie na dada yangu wa Matondoni. Ana uvimbe huyo, mkubwa, mfano wake haujaonekana Amu nzima!"

"Mimi nina shangazi, yuko Pate!"

"Ana umri gani, Bwana Madi?"

"Sabini na kidogo."

"Huyo ameshapita umri wa utafiti."

"Mwandike tu. Zamani aliumwa sana."

Wake wa majirani walisikia, binamu zao wakasikia, na kila mwanamke aliyekuwa na maumivu ya kuficha akamtuma mtu wa kumuandikisha. Ridhwani alifurahi, kwani kila atakayesafiri ni macho mawili yaliyopungua mtaani. Furaha ilimtoka pale mlango ulipokohoa tena.

"Samahani, Dokta. Kwenye utafiti, nauli si hulipwa na utafiti? Ulimwambia baba mwenyewe, kwa gharama za mtu mwingine."

Mabwana wote wawili wakamgeukia. Ridhwani alitazama mbele, akatazama nyuma, hakumuona mtu mwingine. Aliingiza mkono kwenye koti la bucha. Boti ya kuvuka bara hadi Mokowe, basi la kwenda Mombasa, mwanamke baada ya mwanamke, zilikwenda fedha zake za akiba, zikaenda za chumba alichopanga, na za kung'oa jino zikafuata nyuma. Alijiliwaza kwamba viti vitazirudisha zote na watoto wao.

Asubuhi ya safari gati lilijaa mabuibui. Bwana Abubakr alibeba mto wa binti yake kwa mikono miwili. "Ukiumwa ndiani umwambie mamako," alisema. "Usinyamae." Alikuwa ameanza kusikiliza maneno ya Ridhwani kwa masikio mengine, nayo yalimkera moyoni. Kisha akakumbuka dunia, akamuuliza Ridhwani pembeni, "Wa Madi ni wangapi?" Siku hiyo shangazi wa Pate hakutokea, kwa sababu boti yake ilichelewa, na Bwana Madi alilichukulia hilo kama dhuluma.

Hadiya zilikuwa zimewekwa tayari madakani, marobota mawili makubwa yamezungushiwa mikeka na kushonwa kwa ukili, mshono mzuri wa karibu karibu. Kina mama, baada ya kelele zote zile, walikuwa wamekubali kwa shingo upande na wakataka wafunge wenyewe, maana vilikuwa vyombo vya baba yao. Ridhwani hakuweza kuingia ndani kutazama wakifunga. Hata tapeli hujua kwamba mlango wa ndani wa nyumba ya Mkomani mwanamume mgeni havuki. Alipapasa robota kwa nje, akagusa miguu ya mbao ya kuchongwa, akaridhika. Bi Mwanamkisi alikuwa amemwambia mumewe kwamba hadiya haifunguliwi njiani, na wala Ridhwani hakutaka kuifungua. Mshono ule ungekuwa ushahidi kwamba mali imetoka kwenye nyumba ya asili.

Mzungu alikuwa Nairobi, akarudi baada ya siku chache. Marobota yakafika hotelini Shela kwa punda. Ridhwani, shavu limeshafanana na mkate wa boflo, alikata ukili kwa madaha huku akisimulia habari za masultani. Mkeka ukafunguka. Yakatoka matendegu mawili ya kitanda kilichovunjika. Katikati yake, kimekaa kwa heshima, kibao cha mbuzi cha kukunia nazi. Robota la pili nalo lilikuwa hivyo hivyo, ila la Bi Mwanatumu lilikuwa bado na nazi kidogo kwenye meno.

Mzungu aliinama akatazama. "Huyu ni sultani gani aliyekalia hiki?"

Silika ya kazi ni kitu kikubwa. "Sultani mmoja," alisema Ridhwani, "aliyependa wali wa nazi."

"Mimi ninavyo vitatu jikoni," alisema Mzungu, akamuonyesha mlango.

Ridhwani alirudi Mkomani akitembea. Kumshitaki mtu hakuweza, lakini alijiambia kuwa viti bado vimo ndani, wanawake hawapo, na Bwana Abubakr bado anaota kodi ya ng'ambo. Maneno mawili matatu matamu yangetosha. Alipokata kona akasita.

Bwana Abubakr alikuwa dakani, simu mkononi, akilia waziwazi. Na Bwana Madi alikuwa ameketi baraza moja naye, bega kwa bega, amesahau mfereji.

"Dokta!" Bwana Abubakr aliruka akamkumbatia, shavu kwa shavu. Ridhwani naye akatokwa na machozi, na wapita njia wakasema lo, daktari mwenye huruma.

"Wameiona!" alisema Bwana Abubakr. "Wamempima kwa mashine wakaiona. Si jini, si deko. Ni maradhi yana ina lake. Nyama mfano wa zile za ndani ya kizazi, zimeota nde ya kizazi, zavuja damu huko huko kila mwezi. Yaitwa endo... endome..."

"Endometriosisi," akasaidia Bwana Madi. "Na yangu, ule uvimbe wa mke wangu, ni fibroidi. Kubwa. Imekubaliwa."

"Miaka minane mwanangu alilia, Dokta, nami namwambia adeka. Nalitaka kumuoza ili apoe. Hata uso wa kumtazamia sina. Nimemwambia harusi ingoje, yeye ndiye atakayesema lini."

"Na ile habari ya nyumba, Bwana?" akajaribu Ridhwani.

"Niate na nyumba!" Bwana Abubakr alimvuta karibu, akampa simu. "Ndoo, mwanangu yuko hapa, ataka kusema nawe."

Ridhwani aliiweka simu kwenye sikio la upande usiouma.

"Dokta," ilisema sauti ya nyuma ya mlango, "asante kwa nauli."

"Viti viko wapi?" akanong'ona.

"Wewe umesimama wapi?"

"Dakani kwenu."

"Inua kichwa."

Tangu aje Mkomani, kwa mara ya kwanza, Ridhwani aliinua kichwa. Aliziona boriti. Aliliona wikio, limekaa juu ya ujia alioupita kila siku, na nyuma ya kimia cha dirisha, ubavu kwa ubavu, migongo miwili ya mpingo yenye nakshi za mfupa iliyomtazama chini.

"Ufunguo wa humo mama anao," alisema Raihana. "Sista Safaa anakusalimia. Anasema tangu waanze hakuna aliyemletea wanawake wengi kama wewe. Alitaka kujua tukulipe nini, nikamwambia wewe wajitolea." Kisha sauti yake ikabadilika. "Yale uliyomwambia baba, kuhusu mtu aliyevunjika mguu. Najua ulikuwa unadanganya. Lakini nimeyahifadhi. Wiki ijayo natibiwa, niombee dua."

Ridhwani aliisogeza simu karibu na mdomo. "Mungu akuafu, binti," alisema, na alishangaa kugundua kwamba hakuwa akitafuta kitu.

Akarudisha simu. Bwana Abubakr alimshika mabega. "Sema, Dokta. Wataka nini kwangu? Chochote."

Hilo ndilo neno ambalo tapeli huliota maisha yake yote. Hila zote za Ridhwani zilisimama foleni kichwani, kila moja ikiomba itangulie, lakini jino likazipita zote.

"Nauli ya Mombasa, Bwana," alisema. "Nikang'oe jino."

"Tumekupa!" alisema Bwana Madi, akiruka kabla mwenzake hajamtangulia. "Tena utafuatana na shangazi yangu wa Pate. Amefika yana jioni kwa boti nyingine, amekasirika kweli kweli."

Kesho yake asubuhi Ridhwani alipanda basi la Mombasa, shavu limefungwa kwa leso, mkoba wa bi mkubwa magotini. Kabla basi halijaondoka Mokowe shangazi alimgeukia. "Haya, Dokta," alisema. "Yalianza nikiwa kigori," na kwa kuwa Ridhwani hakuweza kufungua mdomo, alisikiliza mpaka Mombasa.